Kinu cha Maji na Mfereji Wake

Hotuba iliyotolewa mbele ya waparokia na wageni katika sikukuu ya jubilei



Halmashauri ya jubilei iliniomba niseme juu ya historia ya kinu cha maji kilichosimama zamani kando ya mto. Nilikubali kwa furaha, lakini pia kwa woga kidogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, baba yangu alikuwa msagaji wa kinu hicho, na mtoto akimsimulia baba yake huweza kumpamba kupita haki. Ya pili, uwanja wa kinu hicho una ugomvi hata leo. Jamaa tatu zinasema ni zao, na kila jamaa ina karatasi yake. Kwa hiyo sitataja kilima, wala mto, wala jina la mtu. Walio wazee hapa wanajua ni wapi. Vijana wataambiwa wakirudi nyumbani.

Mnajua pia kwamba Halmashauri ina neno zito la kukata. Fedha mlizochanga kwa jubilei zitasaidia kina mama wapate unga karibu na nyumba zao. Wengine wanataka tununue mashini ya mazutu, wengine wanataka tufufue kinu cha mto. Sikuitwa hapa kuwaamulia. Nimeitwa kueleza yaliyokuwa. Lakini msishangae mkiona mzee anavuta upande mmoja.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Katika Kiswahili chetu cha huku, kinu ni cha mama: mti uliochongwa tundu, na mchi wake. Nikisema kinu cha maji, nasema ile nyumba yenye gurudumu na mawe mawili, inayosaga kwa nguvu za mto. Vijana wanaita vyote mashini, lakini mashini ni neno la kila kitu chenye kelele.

Kabla ya kinu cha maji palikuwa na jiwe. Wengi hapa mmelizaliwa nalo nyumbani. Jiwe la chini ni pana, limelala kwa mteremko. Jiwe la juu ni dogo, linashikwa kwa mikono miwili. Wenye kusema Kinyarwanda wanaita lile la chini urusyo na la juu ingasire. Mama anapiga magoti, anamwaga mtama au ulezi au mahindi kidogo kidogo, anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, na unga unaanguka mbele katika kitunga. Kule chini katika msitu wa Walikale, ambako chakula ni muhogo, ndizi na mpunga, kina mama walitumia zaidi mchi. Huku juu tunasaga, kule chini wanatwanga. Lakini mgongo unaouma ni mmoja.

Mama yangu aliamka kabla ya jogoo. Sisi watoto tulilala upande wa pili wa ukuta wa matete, tukasikia sauti ya jiwe. Nilipokuwa mdogo sana nilidhani ni sauti ya usiku wenyewe, kama vile mtoto wa pwani anavyodhani juu ya bahari. Siku sauti hiyo ilipokosekana, tulijua mama ni mgonjwa, au hakuna nafaka. Dada yangu wa kwanza alianza kusaga akiwa na miaka kama 8. Shule aliijua kwa kusimuliwa na mimi. Naomba mkumbuke hilo kila mara mtakaponisikia nikisema habari za mawe na magurudumu.

Torati ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, ilikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la jirani yake kuwa rehani ya deni, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wake. Watu wa zamani walijua vizuri: nyumba yenye nafaka na isiyo na jiwe ina njaa. Na Bwana wetu alipotaka kusema juu ya siku isiyotazamiwa, aliwataja wanawake wawili wanaosaga pamoja. Hakuchagua mfano wa mbali. Alichagua kazi iliyosikika katika kila nyumba.

Nani alianza kuutumikisha mto? Karne ya kwanza kabla ya Kristu, Mrumi mmoja aitwaye Vitruvius aliandika namna ya kuunda gurudumu la maji lenye meno linalozungusha jiwe. Karibu na nyakati hizo mshairi wa Kigiriki, Antipater wa Thessalonica, aliwashauri wanawake wenye kusaga walale mpaka asubuhi, kwa maana sasa maji yanafanya kazi yao. Nilipojifunza habari hiyo nilicheka peke yangu, nikamfikiria mama. Miaka elfu mbili kabla yake, mtu alikuwa ameona kwamba jambo kubwa la kinu cha maji ni usingizi wa wanawake.

Baadaye watawa walikieneza sana. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliandika katika Kanuni yake, sura ya 66, kwamba monasteri ijengwe, ikiwezekana, hivi kwamba maji, kinu na bustani viwe ndani ya ukuta. Huko Uingereza, waandishi wa mfalme walipohesabu mali ya nchi mwaka 1086, walikuta vinu karibu 6,000. Kanuni hiyo ya Benedikto si ngeni kwetu. Imesomwa hapa Masisi, kando ya maziwa ya Mokoto, tangu mwaka 1954 walipofika Watrapisti toka monasteri ya Scourmont ya Ubelgiji, mpaka vita vilipowatawanya pamoja na wakimbizi waliokuwa kwao, mwezi wa tano 1996. Wageni wetu Mapadri wanajua habari hizo kuniliko, na si siku yake leo.

Turudi mtoni. Mungu aliipa nchi hii miteremko. Milima ya Masisi hupita meta 2,000. Msitu wa Walikale uko chini sana kuliko hiyo. Maji ya upande wa mashariki yanaangukia ziwa Kivu, lakini maji mengi yanashika njia ya magharibi: yanaingia Osso, Osso inaingia Lowa, na Lowa inakwenda kujitupa katika Lualaba. Kati ya kilima na msitu hakuna mto usioruka mahali fulani. Mtu wa nchi tambarare akija hapa husema: mnakaa juu ya mashini msiyoiwasha. Sisi huona maporomoko kuwa taabu tu, kwa sababu yanavunja madaraja.

Kinu ninachosema hakikujengwa kwa ajili yetu. Ni lazima kusema hivyo waziwazi. Tangu mwaka 1928 kampuni iliyoitwa Comité National du Kivu ilipewa na serikali ya Kibeleji madaraka juu ya ardhi kubwa ya Kivu, na wazungu wakulima wakapata mashamba katika milima yetu: kahawa, chai, pareto, ng'ombe. Kazi ilihitaji mikono. Toka mwaka 1937 mpaka 1955 serikali ilileta Masisi watu wengi toka Rwanda, na wa kwanza waliwekwa Gishari. Watu wa kazi walipewa posho, na posho ni unga. Basi mzungu mwenye shamba, aliyeona kwamba kusubiri unga wa mbali ni hasara, akaamuru kinu kijengwe mtoni. Mawe yaliletwa kwa motokari mpaka njia ilipokwisha, kisha yakaburutwa na watu juu ya magogo. Mbao zilipasuliwa na mafundi wetu, na mfereji ulichimbwa kwa jembe na watu wetu. Baba yangu alikuwa mmoja wa wachimbaji. Baadaye akawa msaidizi wa msagaji, na mwisho msagaji mwenyewe.

Sasa niwaeleze kilivyofanya kazi, kwa sababu vijana wengi hawakukiona, na wale waliokiona walikuwa wakifukuzwa mlangoni.

Juu ya mto, mahali maji yanapotulia kidogo, palikuwa na ukuta mfupi wa mawe na udongo, wa kuinua maji kiasi cha kifua cha mtoto. Haukuuzuia mto wote. Uliugeuza kidogo tu. Pembeni palikuwa na mlango wa mbao unaoinuliwa na kushushwa. Hapo ndipo mfereji ulipoanza. Mfereji ulifuata kiuno cha kilima karibu bila kuteremka, wakati mto wenyewe ulikuwa ukishuka kwa haraka chini yake. Hiyo ndiyo siri yote. Ukitembea hatua 400 kando ya mfereji, unakuta mto uko mbali chini yako, na maji yako bado yako juu. Nilipokuwa mtoto niliamini mfereji unapanda. Baba alicheka, akaniwekea jani katika maji, nikaona linakwenda polepole mbele: basi mfereji nao unashuka, ila kwa adabu.

Mwisho wa mfereji palikuwa na mlizamu wa mbao, na maji yaliangukia juu ya gurudumu, katika visanduku vilivyopigiliwa kuzunguka ukingo wake. Kisanduku kikijaa kinazama kwa uzito, kingine kinakuja. Gurudumu lilizungusha mhimili wa mti mgumu ulioingia nyumbani kwa tundu la ukuta. Ndani, meno ya mbao yalishikana na meno mengine, yakageuza mwendo wa polepole kuwa mwendo wa haraka, na jiwe la juu likazunguka juu ya jiwe la chini lisilotikisika. Nafaka iliwekwa katika sanduku lenye mdomo mwembamba, ikadondoka katika jicho la jiwe la juu. Palikuwa na kijiti kilichogusa jiwe na kutikisa mdomo huo. Jiwe likienda haraka, nafaka nyingi. Likienda polepole, nafaka kidogo. Kijiti hicho kilipiga tak-tak-tak mchana kutwa. Ndiyo sauti iliyokuja mahali pa sauti ya jiwe la mama.

Mawe hayakuwa laini. Yalichongwa mistari toka katikati mpaka ukingoni, ili kukata punje na kuusukuma unga nje. Mistari ikiisha, jiwe linaponda badala ya kukata, linapata moto, na unga unanuka kama ulioungua. Kila baada ya majuma kadhaa baba na mwenzake waliliinua jiwe la juu kwa nguzo na kamba, wakaligeuza kifudifudi, na siku nzima wakaligongagonga kwa patasi. Walirudi na mikono yenye vidonda vidogo vyeusi. Na mawe mawili hayakupaswa kugusana kamwe: yakigusana bila nafaka kati, yanatoa cheche na mchanga, na watu wanautafuna mchanga katika bugali. Basi msagaji hakai mbali. Anaweka mkono chini ya mdomo wa unga, anausugua kwa kidole gumba, anajua kama jiwe lishushwe unene wa ukucha au liinuliwe.

Kilikuwa na udhaifu wake. Mahindi na mtama kiliyapenda. Muhogo kilikuwa kinaulalamikia: vipande vinapaswa kuvunjwa kwanza kwa mchi, na kama havikukauka kabisa vinabandika katika mistari ya jiwe kama gundi. Gunia la mahindi lilichukua saa mbili, hata tatu. Mashini ya nyundo ya siku hizi ingelimaliza upesi zaidi, nawe ukiwa hujamaliza kusalimia watu. Sipendi kumwona mzee anayeficha upungufu wa mambo ya zamani.

Sasa nafika kwenye neno nililotaka hasa kusema. Nalo ni mfereji.

Siku tano kinu kilisaga posho ya shamba. Siku mbili kilikuwa huru kwa wanakijiji, kwa malipo. Mama yangu, mke wa msagaji, aliendelea kupiga magoti mbele ya jiwe lake siku zile tano, huku mumewe akisaga unga wa watu mia. Hilo nalo ni la kukumbuka. Lakini siku zile mbili zilitosha kuwafanya watu waupende mfereji. Mfereji ni kitu dhaifu. Mvua moja inaubomoa ukingo, fuko anautoboa, majani yanaujaza, mbuzi wanaukanyaga. Hatua 400 zinahitaji jicho kila siku na jembe kila juma. Mwenye shamba alitaka kuwaweka wafanyakazi wa kuusafisha. Kapita alimshauri vingine. Kila mlima ulipewa kipande chake cha mfereji. Mlima uliosafisha kipande chake ulipata zamu yake ya kusaga. Uliochelewa ulisubiri mwisho. Hapakuwa na fimbo, hapakuwa na faini. Nimewahi kuona wazee wawili wakibishana nusu siku juu ya hatua mbili za mfereji, kila mmoja akidai kwamba ni zake kuzisafisha!

Baba yangu aliwekwa kuhakikisha zamu. Na hapa nitasema neno ambalo jamaa yangu hawakupenda niliseme. Malipo yalikuwa sehemu ya unga: kopo moja kwa kila kitunga, kwa mwenye kinu. Lakini unga mwingine hubaki katika mbao, pembeni ya mawe, na huo ulikuwa wa msagaji kwa desturi. Kina mama walinung'unika kwamba mbao za baba zilikuwa na njaa kubwa. Je, walisema kweli? Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na macho. Nilimwona mara nyingi akikung'uta ule mdomo wa unga baada ya mwenyewe kufunga kitunga chake na kwenda. Jioni mama alipika, na hakuuliza. Unga ule ndio ulionipeleka mpaka shule ya misioni. Wapo hapa wajukuu wa wale waliokung'utiwa. Nawaomba radhi kwa niaba yake. Na kwa Halmashauri nasema: cho chote mtakachojenga, wekeni mizani mlangoni, mahali kila mama aweze kuisoma kabla na baada ya kusaga. Msimtegemee msagaji kuwa mtakatifu. Mpeni mshahara.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, na ghasia za miaka iliyofuata, kinu hakikufa. Mwenye shamba alikwenda na kurudi, akaenda tena. Maji yaliendelea kuanguka. Kifo chake kilianza tarehe 30 ya mwezi wa 11, 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa raia wa Zaïre. Shamba letu lilipata mwenyewe mpya aliyekaa mjini. Sitasema ni nani, na huenda hakuwa mbaya kuliko wengine. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alihesabu ng'ombe. Mara ya pili aliwachukua. Posho ikakoma, na siku tano za shamba zikawa siku za kimya.

Mtafikiri: basi watu wangekichukua kinu kiwe chao, siku zote saba. Hata sisi tulifikiri hivyo. Lakini wakati huohuo ilikuja salongo. Vijana hawaijui, wazee wanatabasamu kwa uchungu. Ilikuwa kazi ya lazima ya jumuia: kusafisha njia, kulima shamba la serikali, kujenga nyumba ya mkubwa. Mfereji nao ukaingizwa katika salongo. Tangu siku hiyo kipande cha mfereji hakikuwa cha mlima fulani. Kilikuwa cha askari aliyesimama na orodha. Watu walikuja wakiwa wamechelewa, wakakata majani yanayoonekana toka barabarani, wakaenda. Zamu ya kusaga ikapewa wenye kadi au wenye ndugu. Katika misimu miwili ya mvua, ukingo ulianguka sehemu tatu.

Baba aliendelea peke yake, bila mshahara, karibu mwaka mzima. Alitoka na jembe asubuhi na kurudi na matope. Mtu mmoja aweza kuyashika mawe ya kinu. Mfereji hatua 400 haushikiki na mtu mmoja. Gurudumu lilipokosa maji lilikauka upande mmoja na kuoza upande mwingine, kisha usiku mmoja mhimili ukapasuka. Chuma chake kiliuzwa kidogo kidogo. Msumari wa mwisho uling'olewa katika vita vilivyoanzia Ntoto mwaka 1993 na kuenea Masisi yote. Mama alikuwa amekwisha kurudi kwa jiwe lake zamani, bila neno.

Wengine watasema: ni sisi tu, watu wa Kivu, tunaoharibu. Hapana. Huko magharibi ya Kenya, Marafiki, wale Waprotestanti wanaoitwa Wakwekeri, walianzisha misioni ya Kaimosi mwaka 1902, mahali penye msitu na maporomoko, wakatumia maji kupasua mbao na kusaga nafaka. Watu waliofanya kazi kwao waliona kwa macho na kwenda kujenga vyao. Katika miaka ya 1920 na 1930 vinu vya maji vya Waafrika wenyewe vilienea sehemu hizo, na vilevile kwa Wagikuyu katika vijito vinavyotoka milima ya kati. Walichanga fedha watu kadhaa, kama sisi tunavyofanya likelemba, wakagawana faida. Hakuna aliyewalazimisha. Kisha zikaja injini, zilizoweza kuwekwa sokoni au barabarani, na watu wakaacha kushuka mtoni. Yaani huko kinu kilishindwa na njia nzuri na mafuta ya karibu.

Je, sisi tuna njia nzuri na mafuta ya karibu? Hapo ndipo ninapowaomba mwe na masikio. Mazutu yetu yanatoka bandari za bahari ya Hindi, yanapita nchi mbili au tatu mpaka Goma, kisha Sake, kisha yanapanda kilometa kwa kilometa ya matope, mwisho juu ya pikipiki au chukudu, na kila kizuizi kinaongeza bei yake. Mvua ikikata njia, mashini inanyamaza. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipofika Masisi-centre, na mwezi wa tatu Walikale-centre, wenye mashini walifanya nini? Aliyeweza aliifungua na kuizika shambani. Asiyeweza aliikuta imekwenda. Mashini ya mazutu hubebwa na watu wanne kwa usiku mmoja. Mfereji haubebeki.

Nisipendelee mno. Kinu cha maji hakiji sokoni. Mama lazima ashuke na kupanda na kitunga chake. Mbao huoza. Na ule uwanja una jamaa tatu na karatasi tatu. Nimewasikia wote watatu, kila mmoja kwa siku yake, na nimegundua jambo la ajabu: wanagombania nyumba na bustani ya kinu. Hakuna hata mmoja anayedai mfereji. Unapita katika mashamba ya watu kumi na mmoja, na hao hawajaulizwa bado. Waulizwe kwanza, kabla ya kununua hata msumari mmoja.

Kuhusu nguvu za mto, nina hesabu. Lita 100 za maji kila sekunde, zikianguka meta 4, zinatoa karibu wati 4,000. Nusu inapotea katika gurudumu na meno, zinabaki 2,000. Mtu mzima anayefanya kazi kutwa kwa mikono hutoa kama wati 75. Basi maji hayo ni kama kina mama 26 waliopiga magoti pamoja, mchana na usiku, bila kuomba chakula. Injini ya mazutu ya nguvu za farasi 10 ina zaidi ya mara tatu ya hapo, lakini inakunywa. Na wale wanaotaka kuweka chuma cha kisasa mahali pa gurudumu, yaani tabini, hawana kosa: kule Rutshuru kituo cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015, kinatoa umeme kwa maji ya mto hivyohivyo, kwa kiasi kikubwa sana. Tabini ndogo inaweza kuzungusha mashini ya nyundo, na muhogo hautatutesa tena. Mfereji utakuwa uleule.

Nimesikia kwamba vijana wa Halmashauri wanataka kupima maji Jumamosi hii. Nawasifu kwa bidii, lakini wangoje. Sasa ni mvua, na kila kijito kinajiona Lowa. Pimeni mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, maji yakiwa machache kabisa, kwa sababu hayo ndiyo mtakayokuwa nayo siku mtakapoyahitaji. Chagueni mahali mto ulipo sawa kwa meta 10. Tupeni gunzi kavu la hindi, mhesabu sekunde, mrudie mara kumi. Pimeni upana, na kina mahali pengi. Mfano: upana meta 1, kina cha wastani sentimeta 30, gunzi linapita meta 10 kwa sekunde 20. Hiyo ni lita 150 kwa sekunde. Toeni thuluthi moja, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Mnabaki na lita 100, na mnajua mlipo.

Neno la mwisho ni la mawe. Wengi wameniuliza yalikwenda wapi. Jiwe la chini liko palepale, chini ya majani, limepasuka ukingo kidogo. Jiwe la juu liliviringishwa mpaka katika kiwanja cha mama mmoja mjane, nalo limekaa hapo miaka mingi. Wajukuu wake wananolea mapanga pembeni yake, na siku za jua anaanikia maharagwe juu yake. Nilimwendea juma lililopita. Nilimwuliza kama angeliuza kwa parokia. Alisema hauzi. Nilimwuliza kama angelitoa. Akasema atalitoa siku atakapoona maji yamefika mwisho wa mfereji, na si siku moja kabla. Yuko hapa, katika benchi la tatu upande wa kina mama. Mkitaka, mwulizeni mwenyewe baada ya chakula.